Mchango Huu Umepitishwa na Nani? Somo juu ya Mfalme, Bunge na Kodi

Somo la kusomwa nyumbani kabla ya mazungumzo: 1 Wafalme 12:1-19



Mtakumbuka mkutano wa Wakristo wote uliofanyika kanisani baada ya ibada ya asubuhi, tulipozungumza habari ya mabati ya paa. Ilitangazwa kwamba kila nyumba itatoa kiasi fulani cha fedha, na siku ya mwisho ikatajwa. Hapo mzee mmoja akasimama akauliza, "Mchango huu umepitishwa na nani?" Wengine walicheka, na wengine walinung'unika wakisema kwamba mzee hataki kutoa. Lakini halmashauri ilipokaa, ikaeleza hesabu ya mabati na misumari na ujira wa fundi, mzee yule alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuleta fedha yake. Hakukataa kutoa. Alitaka kujua nani amekubali kwa niaba yake.

Sisi tunaoandaa masomo haya tumeona kwamba swali la mzee yule lastahili somo zima. Ni swali la zamani sana. Liliugawa ufalme wa Israeli, likamfikisha mfalme mmoja wa Uingereza mahali pa kukatwa kichwa, nalo limejibiwa kwa maandishi ndani ya Katiba ya nchi yetu. Tena sisi watu wa Tunduma hatuwezi kusema kwamba swali hili ni la watu wa mbali. Malori husimama hapa mpakani mchana na usiku, na kila mwenye mzigo hukutana na ushuru. Mama mwenye furushi la vitenge na mwenye kampuni ya malori wote huuliza neno lile lile: Kodi hii imetoka wapi, na nani aliikubali?

1. Mfalme Rehoboamu na wazee wake

Tuanze na Biblia. Sulemani alipokufa, watu wa Israeli walikusanyika Shekemu ili wamtawaze Rehoboamu mwanawe. Lakini kabla ya kumtawaza walikuwa na ombi moja. Baba yake alikuwa amewatwika mzigo mzito, nao wakaomba upunguzwe, wakaahidi kumtumikia. Ombi hili halikuwa uasi. Lilikuwa shauri la watu walio tayari kutii.

Rehoboamu akaomba siku tatu. Akawauliza wazee waliomtumikia baba yake, nao wakamshauri awajibu watu kwa upole na kuwa kama mtumishi wao. Akawaacha wazee, akasikiliza vijana waliokua pamoja naye, akawajibu watu kwa ukali kwamba mzigo utaongezwa. Makabila kumi yakamwacha. Hata msimamizi wa kazi za shokoa aliyemtuma alipigwa kwa mawe akafa. Rehoboamu hakuangushwa na adui kutoka nje. Aliangushwa na jibu lake mwenyewe mbele ya watu waliokuja kuomba.

2. Mfalme aliyetaka kutawala peke yake

Sasa twende Uingereza, na sababu za kwenda huko ni mbili. Ya kwanza, Kanisa letu la Kianglikana lilianzia katika nchi ile. Ya pili, Bunge letu la Dodoma limepokea desturi nyingi za Bunge la London: kuna Spika, kuna siwa inayobebwa mbele yake, na muswada husomwa kwa hatua kabla haujawa sheria. Anayetaka kuelewa kwa nini desturi hizi zipo, na asikilize habari za Mfalme Charles wa Kwanza.

Charles alianza kutawala mwaka 1625. Aliamini kwamba mfalme amepewa mamlaka na Mungu na atatoa hesabu kwa Mungu peke yake. Lakini palikuwa na shida moja. Vita vilihitaji fedha nyingi, na kwa desturi ya nchi ile mfalme hakuweza kutoza kodi mpya bila kibali cha Bunge. Basi kila alipohitaji fedha alilazimika kuwaita wabunge, na wabunge walipofika walileta malalamiko yao kwanza.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa juu ya ushuru wa forodha, jambo tunalolijua vizuri sisi wa mpakani. Wafalme waliotangulia walipewa kibali cha kutoza ushuru huo kwa maisha yao yote. Wabunge wa mwaka 1625 walitaka kumpa Charles kibali cha mwaka mmoja tu. Yeye akaendelea kuutoza bila kibali. Mwaka uliofuata wabunge wakamshtaki waziri wake mpenzi, Mtawala wa Buckingham, na mfalme akalivunja Bunge ili kumwokoa. Kisha akawatoza watu wenye mali mkopo wa lazima, na waliokataa wakatiwa gerezani bila kuambiwa kosa lao.

Mwaka 1628 wabunge wakamwandikia mfalme Ombi la Haki. Walitaka mambo manne: kodi isitozwe bila kibali cha Bunge, mtu asifungwe bila sababu kutajwa, askari wasilazwe katika nyumba za raia kwa nguvu, na sheria ya kijeshi isitumike wakati wa amani. Mfalme alikubali, lakini mwaka 1629 akalivunja Bunge tena, akatawala miaka 11 bila kuliita.

Katika miaka ile alitafuta fedha kwa njia za pembeni. Palikuwa na desturi ya zamani kwamba miji ya pwani itoe meli, au fedha ya meli, wakati wa hatari. Mwaka 1634 Charles aliidai fedha hiyo wakati nchi haikuwa vitani, na mwaka 1635 akaipeleka hata bara, kwa watu wasio na bandari. Mwenye shamba mmoja, John Hampden, alikataa kulipa shilingi 20. Alikuwa tajiri, na shilingi 20 hazikuwa kitu kwake. Alikataa kwa sababu ile ile ya mzee wetu. Kesi yake ilisikilizwa na mahakimu 12, na mwaka 1638 saba wakamwunga mkono mfalme, watano wakawa upande wa Hampden. Mfalme alishinda mahakamani, lakini watu walipoona kwamba hata mahakimu wake wamegawanyika, wengi wakaacha kulipa.

3. Kitabu cha Sala kilicholetwa bila kuuliza

Hapa habari hii inaligusa Kanisa letu, na hatupaswi kuificha. Charles alikuwa pia mfalme wa Uskoti, ambako Kanisa lilikuwa na taratibu zake. Mwaka 1637 mfalme na Askofu Mkuu William Laud walipeleka huko Kitabu kipya cha Sala, bila shauri la Bunge la Uskoti wala la mkutano mkuu wa Kanisa la huko. Siku kilipoanza kusomwa mjini Edinburgh, watu walifanya ghasia ndani ya kanisa. Mwaka uliofuata Waskoti wengi walitia sahihi agano la kupinga, na mwaka 1639 vita vikaanza.

Sisi Waanglikana tunakipenda Kitabu cha Sala. Tumebatizwa kwa maneno yake, tumefunga ndoa kwa maneno yake, na wapendwa wetu wamezikwa kwa maneno yake. Kwa hiyo tujifunze kwa unyenyekevu. Hata kitu chema, kikiletwa kwa amri tu, watu wasiulizwe, chaweza kuonekana kama nira shingoni.

Vita vikamaliza fedha. Mwaka 1640 Charles akaliita Bunge mwezi wa Aprili, akalivunja baada ya majuma matatu, kisha akalazimika kuliita tena mwezi wa Novemba. Safari hii wabunge hawakukubali kurudishwa nyumbani. Walifuta fedha ya meli, na wakapitisha sheria kwamba Bunge lile lisivunjwe bila ridhaa yake lenyewe. Tarehe 4 Januari 1642 mfalme aliingia Bungeni mwenyewe, askari wakiwa mlangoni, ili awakamate wabunge watano, na Hampden alikuwa mmoja wao. Watano hao walikuwa wamekwisha kuondoka. Mfalme alipomwuliza Spika, William Lenthall, wako wapi, Spika alipiga magoti akajibu kwa heshima kwamba mahali pale yeye hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema ila kwa agizo la Bunge analolitumikia. Mwezi wa Agosti mwaka ule vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, na tarehe 30 Januari 1649 Charles akakatwa kichwa mbele ya watu.

Je, tuseme basi kwamba mfalme alikuwa mbaya na Bunge lilikuwa jema? Hapana, kwa maana habari haiishii hapo. Bunge liliposhika mamlaka lilitenda makosa yale yale. Mwaka 1645 Askofu Mkuu Laud aliuawa kwa amri ya Bunge, na Kitabu cha Sala kikapigwa marufuku hata katika nyumba za watu. Mwezi wa Desemba 1648 askari wa jeshi la Bunge walisimama mlangoni wakawazuia wabunge wasiotakiwa. Na mwaka 1653 mkuu wao, Oliver Cromwell, aliwafukuza wabunge waliobaki. Wale waliolia kwa sababu mfalme aliingia Bungeni na askari, walitolewa Bungeni na askari wao wenyewe.

Mwaka 1660 ufalme ukarudishwa kwa Charles mwana wa Charles, na mwaka 1662 kikatolewa Kitabu cha Sala ambacho ni mzazi wa vitabu vyetu vingi vya ibada. Hatimaye, mwaka 1689, ikaandikwa Sheria ya Haki: mfalme asitoze fedha bila kibali cha Bunge, mbunge asishtakiwe mahakamani kwa neno alilosema Bungeni, uchaguzi uwe huru, na Bunge liitwe mara kwa mara. Tangu miaka ya Charles watu walikuwa wamejifunza kwamba mfalme ahitaji mipaka, na baraza pia lahitaji mipaka.

4. Kodi bila baraza katika Tanganyika

Mtu angetegemea kwamba Waingereza, waliomwaga damu yao kwa ajili ya jambo hili, wangelileta hapa siku ya kwanza. Sivyo ilivyokuwa. Baba na babu zetu walilipa kodi ya nyumba na kodi ya kichwa tangu utawala wa Wajerumani, na Waingereza wakaendelea kuzitoza. Mwaka 1926 serikali ya Kiingereza ikaunda Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, lakini ndani yake hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Waafrika wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, waliteuliwa mwaka 1945. Kwa miaka 19 mzee wa Mbozi au wa Rungwe alitoa kodi yake, na katika baraza lililopanga matumizi yake hapakuwa na hata mtu mmoja wa kabila lolote la nchi hii.

Mwaka 1957 Mwalimu Julius Nyerere aliteuliwa kuingia katika Baraza hilo, akajiuzulu mwaka ule ule alipoona kwamba mapendekezo yake hayakubaliwi. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika mwaka 1958 na 1959, na tarehe 9 Desemba 1961 tukapata Uhuru. Kwa hiyo, ndugu zetu, Bunge si zawadi ya mkoloni. Jina na desturi zilitoka kwake, lakini haki ya kukaa ndani yake ilidaiwa na watu wetu wenyewe.

5. Rais na Bunge katika nchi yetu

Baada ya Uhuru swali lilibadilika. Sasa kiongozi ni wetu na Bunge ni letu. Je, wakitofautiana itakuwaje? Na tutazame mambo yaliyotokea.

Mwaka 1965 nchi iliingia katika utaratibu wa chama kimoja. Wananchi waliweza kuchagua kati ya wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, na baadhi ya mawaziri waliangushwa kwa kura. Lakini mbunge alipaswa kuwa mwanachama. Mwaka 1968 chama kiliwafukuza wabunge kadhaa, na kwa kufukuzwa chamani wakapoteza viti vyao. Hapakuwa na askari mlangoni. Kamba ilikuwa katika kadi ya chama.

Jambo la mwaka 1973 latukumbusha sana Charles, ingawa mwisho wake ulikuwa wa amani. Serikali ilileta Bungeni Muswada wa Kodi ya Mapato, na wabunge wakaukataa. Mwalimu Nyerere akawaonya kwamba atalivunja Bunge, na uchaguzi ufanywe upya. Wabunge wakaurudia muswada wakaupitisha. Wako wanaosema kwamba wabunge waliogopa kupoteza viti. Wako wanaosema kwamba serikali haiwezi kuendesha hospitali na shule bila kodi, na anayekataa kodi lazima awe tayari kwenda kuwaeleza wananchi. Sisi tunaona neno moja la kukumbuka: mabishano yalimalizwa kwa kura za wabunge, wala hapana aliyetoza kodi ile kabla haijapitishwa.

Mwaka 1975 Katiba ilibadilishwa, na Chama kikatamkwa kuwa juu ya vyombo vyote, Bunge likiwamo. Mwaka 1984 haki za raia ziliingizwa katika Katiba, na Rais akawekewa kikomo cha vipindi viwili. Mwaka 1992 vyama vingi vikaruhusiwa, na Bunge likapewa nguvu zaidi.

Nguvu hizo zilijaribiwa upesi. Mwaka 1993 wabunge 55, akiwamo jirani yetu Njelu Kasaka, mbunge wa Lupa kule Chunya, walileta hoja ya kuwa na Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Bunge likapitisha azimio. Mwalimu Nyerere, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kustaafu urais, aliipinga hoja hiyo kwa nguvu zake zote, akaandika na kitabu juu yake. Mwaka 1994 CCM ilibaki na msimamo wa serikali mbili, na azimio lile likazimika. Kila mtu ana maoni yake juu ya hoja yenyewe. Lakini wabunge wale walisema waziwazi jambo zito, wakarudi majumbani kwao salama. Na tena tuliona kwamba neno la mwisho lilitoka chamani.

Mwaka 2008 ilikuwa zamu ya Waziri Mkuu. Bunge liliunda kamati teule kuchunguza mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond, na mwenyekiti wake alikuwa Dakta Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela. Taarifa ya kamati iliposomwa Dodoma, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu mwezi wa Februari, huku akilalamika kwamba kamati haikumwita kumhoji. Tukumbuke Buckingham. Mwaka 1626 mfalme alilivunja Bunge ili waziri wake asiguswe. Mwaka 2008 Bunge halikuvunjwa. Waziri aliondoka na Bunge likabaki. Lakini malalamiko yake nayo tusiyapuuze, maana baraza linapomhukumu mtu limsikilize kwanza.

6. Katiba yetu yasemaje?

Wengi wetu hatujawahi kuifungua Katiba. Basi tuangalie mambo machache yanayohusu somo letu.

Ibara ya 62 yasema kwamba Bunge lina sehemu mbili, yaani Rais na wabunge. Maana yake ni kwamba Rais si mgeni katika kutunga sheria, wala wabunge hawatungi sheria bila yeye.

Ibara ya 138 yakataza kodi ya aina yoyote isiyotokana na sheria ya Bunge. Hapa ndipo mama mwenye furushi la vitenge anapopata jibu lake. Ofisa hawezi kubuni ushuru kutoka kichwani mwake. Anayetoza na aonyeshe sheria, na anayelipa apewe stakabadhi.

Ibara ya 100 yalinda uhuru wa mawazo na majadiliano Bungeni. Haya ndiyo waliyoyatafuta wale wabunge watano wa mwaka 1642.

Ibara ya 97 yaeleza itakavyokuwa Rais akikataa muswada. Ataurudisha pamoja na sababu zake. Bunge likiupitisha tena kwa theluthi mbili ya wabunge wote na kuupeleka kwake ndani ya miezi sita, Rais atapaswa kuukubali katika siku 21, au kulivunja Bunge.

Ibara ya 90 yataja nyakati ambazo Rais aweza kulivunja Bunge, kwa mfano likikataa bajeti ya Serikali. Hawezi kulivunja kwa sababu tu limemuudhi. Na hapa pana jambo ambalo Charles hakulijua. Kwa ibara ya 38, Bunge likivunjwa kiti cha Rais nacho kinakuwa wazi, na uchaguzi wake hufanywa. Charles alipowafukuza wabunge, yeye alibaki katika jumba lake. Rais wetu akiwarudisha wabunge kwa wananchi, naye hurudi pamoja nao.

Lakini tuseme na upande wa pili. Kwa Katiba yetu, mbunge akiacha au akifukuzwa uanachama wa chama alichochaguliwa nacho, hupoteza kiti. Kwa hiyo ile kamba tuliyoiona mwaka 1968 ingalipo, ijapokuwa vyama sasa ni vingi. Mpiga kura anayelalamika kwamba mbunge wake amenyamaza na ajue ni nani wanaoweza kumnyima kiti: wapo wapiga kura, na kipo chama.

7. Na sisi katika parishi yetu

Ndugu, ni rahisi kumlaumu Rehoboamu na Charles. Tujiulize juu yetu wenyewe.

Kanisa letu lina askofu, lakini askofu hufanya kazi pamoja na sinodi yake, wamo makasisi na wamo walei. Parishi ina kasisi, lakini ina wazee wa kanisa na halmashauri. Huu ni utaratibu ule ule tuliousoma: mwenye kuongoza na wenye kushauri wamefungwa pamoja, ili asiwepo anayetembea peke yake. Mahali ambapo halmashauri haikutani, au hukutana kwa kupiga makofi tu, sadaka hupungua. Watu husingizia ugumu wa maisha. Ukweli ni kwamba hawakuulizwa.

Tena wako wenzetu wenye kosa la upande wa pili. Hawaji mkutanoni, hawasomi hesabu ikibandikwa mlangoni, lakini siku ya mchango huuliza umepitishwa na nani kwa sauti kubwa. Swali la mzee wetu lilikuwa jema kwa sababu yeye alikuja, akasikiliza jibu, akatoa. Hampden naye aliifuata haki yake mbele ya mahakimu, mchana, kwa jina lake mwenyewe; hakukwepa njia za usiku. Sisi wa mpakani tunazijua njia za usiku. Anayepitisha mzigo porini hawezi kusema kwamba anafuata mfano wa Hampden.

Na wale ndugu zetu wanaofanya kazi ya kukusanya ushuru, wasione kwamba somo hili linawashambulia. Katika Luka sura ya 3 watoza ushuru walimwendea Yohana Mbatizaji kubatizwa, wakamwuliza wafanye nini. Hakuwaambia waache kazi yao. Aliwaambia wasitoze kupita kiasi kilichowekwa. Ni neno la kuwekwa mezani mwa kila ofisi hapa Tunduma.

Paa la kanisa letu sasa limeezekwa. Mvua ikinyesha wakati wa mahubiri hatuhami tena viti. Mabati yale yalinunuliwa kwa fedha za watu walioelezwa hesabu na kukubali, na mzee aliyeuliza swali hukaa chini yake kila Jumapili pamoja na waliomcheka.

Maswali ya mazungumzo

1. Wazee walimshauri Rehoboamu nini, na kwa nini hakupenda shauri lao? Je, sisi humwendea nani tukitaka shauri?

2. Kitabu cha Sala ni chema. Kwa nini basi kilileta vita Uskoti? Taja jambo jema katika parishi yetu lililopingwa kwa sababu ya jinsi lilivyoletwa.

3. Mwaka 1973 wabunge walikataa muswada wa kodi, kisha wakaupitisha. Kama wewe ungekuwa mbunge, ungewaelezaje watu wako mara ya kwanza, na mara ya pili?

4. Mara ya mwisho kusoma au kusikiliza hesabu ya parishi ilikuwa lini? Kama hukumbuki, kosa ni la nani?